Sura ya Tano: Mashine Hulindwa Kuanzia Miguuni

Mafiga matatu hayayumbi. Mpishi akiyapanga juu ya ardhi yenye mabonde, sufuria itainama kidogo upande mmoja lakini haitacheza, kwa sababu mafiga yakiwa matatu yote matatu hugusa sufuria. La nne ndilo linaloleta matata. Kiti cha miguu minne kikiwekwa kwenye sakafu isiyo sawa, mguu mmoja hubaki hewani, na aliyekikalia hutikiswa huku na huko. Waliounda friji, mashine za kufulia, majiko ya gesi na mizani za dukani waliijua tabia hiyo. Ndiyo maana vingi vya vyombo hivyo vina miguu ya skrubu: ukiuzungusha mguu unarefuka au unafupika, mpaka na ule wa nne uguse sakafu.

Miguu hiyo ndiyo mada ya sura hii. Inabeba mzigo wote, inapokea mtikisiko wote, inalowa maji ya deki kila siku, na mara nyingi inasahauliwa. Mwenye friji hufuta mlango. Mwenye cherehani hutia mafuta kichwani. Mwenye mashine ya kusaga hubadilisha mkanda ukichakaa. Kuinama na kutazama chini huahirishwa mpaka siku chombo kinapoanza kupiga kelele, na siku hiyo uharibifu umekwisha kupanda juu: beringi imekwisha, mlango haufungi, mkanda unaliwa upande mmoja.

Kanuni nitakayoirudia katika kila chombo ni moja, nayo ni fupi: penye kusuguana pawe na mafuta, penye kushika pawe pakavu. Mengine yote ni kujua mahali gani husuguana, mahali gani hushika, na ni mafuta ya aina gani yanayofaa katika milima yenye baridi na ukungu kama Usambara.

Ukungu, mteremko na ndoo ya deki

Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya kutoka Mombo hupanda kiasi cha mita 1,000 katika kilomita 33 hivi, ikizunguka kona baada ya kona mpaka Soni na kuendelea. Juu zaidi, Magamba na Shume, ukungu wa Juni hadi Agosti unaweza kukaa mpaka jua lipande. Upande wa mashariki wa milima, Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mahali pa namna hii chuma hakipati muda wa kukauka.

Kutu huhitaji vitu vitatu tu: chuma, hewa na maji. Maji yenyewe si lazima yaonekane. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, utando mwembamba wa maji hutanda juu ya chuma, na huo unatosha. Kibaya zaidi ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Juu ya bati huonekana kama unga mwekundu tu, lakini ndani ya meno ya skrubu haina pa kutanukia, kwa hiyo hubana. Mguu wa friji uliozunguka kwa vidole siku ulipotoka dukani hukataa hata spana baada ya miaka michache, na fundi akilazimisha, hukatika.

Hata hivyo, ukungu wa Magamba haufikii ubaya wa ndoo ya deki. Nyumba zetu hupigwa deki kila siku, nyingine asubuhi na jioni. Maji ya sabuni husukumwa mpaka chini ya friji na mashine ya kufulia, na huko tambara halifiki, jua halifiki, upepo haufiki. Sabuni na chumvi zilizo ndani ya maji hayo huharakisha kutu. Usafi ule ule unaotupa fahari mbele ya wageni ndio unaokula miguu ya vyombo vyetu pole pole. Dawa yake si kuacha kupiga deki. Kikamue kitambaa vizuri unapokaribia chombo, kisha pitisha kitambaa kikavu kuzunguka kila mguu. Zile stendi za friji zinazouzwa madukani husaidia pia, mradi ziwe imara na friji isimame katikati yake.

Wazee walikuwa na mtihani mwingine wa miguu: sisimizi. Kabati la chakula liliwekewa kopo la maji au la mafuta ya taa chini ya kila mguu, wadudu wasiweze kupanda. Desturi hiyo ni nzuri mpaka leo, ila kabati likiwa la chuma mguu utalala ndani ya maji na kuoza. Weka kipande cha kigae ndani ya kopo, mguu ukanyage juu yake, na maji yawe chini ya usawa wa kigae. Sisimizi watazuiwa na mguu utabaki mkavu.

Jambo la tatu ni mteremko. Nyumba nyingi za milimani zimejengwa kwa kuchimba upande mmoja wa kilima na kujaza udongo upande wa pili ili kupata uwanja tambarare. Udongo uliochimbwa huwa mgumu, ule uliojazwa huendelea kushuka miaka mingi baada ya nyumba kuhamiwa, hasa baada ya masika makubwa. Sakafu huanza kuelekea bondeni bila wenye nyumba kuhisi. Friji iliyosawazishwa mwaka ilipoingia inaweza kuwa imeinama leo, ijapokuwa hakuna aliyeigusa. Kwa hiyo huku milimani kusawazisha chombo ni kazi ya kurudiwa.

Cherehani, chombo chenye miguu ifanyayo kazi

Miguu ya friji husimama tu. Miguu ya cherehani ya kukanyaga hufanya kazi, na kwa sababu hiyo cherehani ndiyo mwalimu bora wa somo hili. Iko ndani ya nyumba na iko barazani mwa maduka, kuanzia Lushoto na Soni mpaka Bumbuli na Mlalo. Haihitaji umeme. Familia nyingi zimesomesha watoto kwa hiyo.

Isaac Singer alipata hataza ya cherehani yake nchini Marekani mwaka 1851. Kiwanda kikubwa cha kampuni yake huko Clydebank, Scotland, kilifungwa mwaka 1980, lakini mashine zilizotoka humo bado zinashona nguo katika nchi nyingi duniani. Kiwanda kimekufa, mashine ziko hai. Sababu kubwa ni kwamba zilitengenezwa ili mwenyewe aweze kuzitia mafuta bila kumngoja fundi, kichwani na miguuni.

Hebu tuiangalie chini ya meza. Kuna fremu mbili za chuma cha kusubu, kulia na kushoto, zilizounganishwa kwa chuma cha katikati. Kanyagio limeshikwa na skrubu mbili zenye ncha, kila upande moja, na kila skrubu imefungwa kwa nati. Fimbo nyembamba huunganisha kanyagio na gurudumu kubwa. Gurudumu huzunguka kwenye mhimili wake, na mkanda hupanda kutoka hapo mpaka kichwani. Hapo pana sehemu tano za kutia mafuta: ncha mbili za kanyagio, juu na chini ya fimbo, na mhimili wa gurudumu. Tone moja au mawili kwa kila sehemu yanatosha.

Mazungumzo ya namna hii husikika mara nyingi kwenye kibanda cha fundi:

"Shikamoo, fundi. Cherehani yangu imekuwa nzito siku hizi, miguu inauma kabla ya saa sita."

"Marahaba, mwanangu. Unaitia mafuta?"

"Kila wiki, fundi. Kichwani."

"Na huku chini?"

Swali hilo la mwisho ndilo sura nzima kwa ufupi. Mshonaji anayekanyaga kanyagio kavu hutumia nguvu zake kushindana na chuma kabla hazijafika kwenye kitambaa. Magoti na kiuno ndivyo vinavyolipa. Siku ndefu za kushona sare za shule mwezi wa Januari, tofauti kati ya kanyagio kavu na lililotiwa mafuta ni tofauti kati ya kumaliza kazi na kuiahirisha.

Namna ya kuipima ni rahisi. Vua mkanda, kisha sukuma kanyagio mara moja kwa mkono. Gurudumu likiendelea kuzunguka lenyewe kwa ulaini, pako salama. Likisimama mara moja, pamekauka au pamebanwa. Kama kanyagio linacheza kushoto na kulia na kugonga, ncha zimelegea: fungua nati, kaza skrubu taratibu mpaka mchezo uishe, irudishe kidogo kama robo mzunguko, kisha funga nati huku umeishikilia skrubu isizunguke. Ukikaza mno, ncha zitaliwa. Ukilegeza mno, zitagongana.

Hapa pia kanuni yetu inajionyesha wazi. Mkanda na mfereji wake kwenye gurudumu ni mahali pa kushika. Tone la mafuta likianguka hapo, mkanda huteleza na mshonaji hukanyaga bure. Futa kila tone lililozidi kwa kitambaa kabla ya kurudisha mkanda. Sehemu za chini zilizo karibu na kitambaa zifutwe vilevile, kwani doa moja la mafuta kwenye gauni la harusi hugharimu kuliko chupa nzima ya mafuta ya cherehani.

Mafuta gani, na kwa nini

Watu wa mwambao wanajua mafuta ya kulinda vyombo tangu zamani. Mbao za majahazi zilipakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, na sehemu inayokaa majini ilipakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa. Waliotumia sifa na deheni walielewa kwamba kila sehemu ya chombo ina mafuta yake. Elimu hiyo ndiyo tunayoihitaji, kwa sababu makosa mengi hutokana na kutumia mafuta yaliyo karibu badala ya mafuta yanayofaa.

Mafuta ya nazi ni mfano wa kwanza. Tanga mjini hubaki maji karibu mwaka mzima, na mtu akiyatia kwenye bawaba ataona mlango unafunguka vizuri. Yapandishe Lushoto mwezi wa Julai, uone. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na Lushoto hata mchana wa kipupwe unaweza usifike hapo. Mshonaji aliyeyatia jioni atakuta asubuhi kanyagio limeshikwa na nta nyeupe.

Mafuta ya alizeti na mengine ya kupikia yana ubaya wa aina nyingine. Hayagandi kwa baridi, lakini yakikutana na hewa kwa wiki kadhaa hubadilika pole pole kuwa kama gundi. Tazama pembezoni mwa jiko au mdomo wa chupa ya mafuta ya zamani: ule utando wa kahawia unaonata ndio utakaokuwa ndani ya mhimili wa gurudumu. Ukiwa umekwisha kutokea, usafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mbali na moto wowote, subiri pakauke, halafu tia mafuta ya cherehani mara moja. Mafuta ya taa huosha tu. Yakiachwa peke yake, chuma hubaki uchi na kutu huingia.

Mafuta ya cherehani ni mepesi na meupe, yanapenya sehemu nyembamba na hayaachi gundi. Hayo ni ya vitu vinavyokwenda haraka na kwa wepesi. Grisi ni ya mahali pasipozunguka sana lakini panapobeba mzigo au kukabiliwa na maji: meno ya skrubu ya miguu, pini za magurudumu ya friza, beringi. Grisi ni mafuta yaliyoshikwa ndani ya sabuni maalumu, ndiyo maana haitiririki. Mmarekani Clarence Earle alipata hataza ya grisi ya sabuni ya lithiamu mwaka 1942, na aina hiyo ndiyo iliyoenea zaidi madukani mpaka leo kwa sababu hustahimili maji na joto. Kwa kazi za nyumbani, grisi ya kawaida ya lithiamu yenye ugumu namba 2 inafaa. Kopo dogo litakaa miaka.

Ile dawa ya kupuliza iitwayo WD-40, iliyobuniwa San Diego mwaka 1953, ilitengenezwa kufukuza maji na kuzuia kutu. Inasaidia sana kulegeza nati iliyogoma: puliza, acha usiku mzima, kisha jaribu. Ila hukauka baada ya muda, kwa hiyo usiihesabu kuwa ni grisi. Mguu ukishafunguka, usafishe kwa brashi ya waya, upake grisi nyembamba kwenye meno, na uurudishe.

Oili chafu ya magari ina sifa ya kuzuia mchwa kwenye mbao, na wengi huipaka kwenye miguu ya kila kitu. Ndani yake mna masizi, chembe za chuma na kemikali zenye sumu. Haifai kwa skrubu, wala haifai popote karibu na chakula au mikono ya watoto. Kwa watu wa Usambara kuna sababu nyingine nzito. Maji ya milima hii ndiyo maji ya watu wa chini. Mto Zigi unaotoka Usambara ya Mashariki hunywesha jiji la Tanga, na maji yanayoporomoka Soni huteremka kuelekea bonde la Mto Pangani. Oili inayomwagwa nyuma ya gereji inaweza kusombwa na mvua mpaka huko. Ikusanyeni kwenye dumu lenye kifuniko na kuipeleka kwa wanaoikusanya.

Raba nayo ina haki yake. Miguu mingi ya kisasa huishia kwa kitako cha mpira, kazi yake ikiwa kushika sakafu na kumeza mtetemo. Grisi na mafuta ya petroli huivimbisha raba na kuilainisha, tena huifanya iteleze. Raba isafishwe kwa maji na sabuni kidogo, ikaushwe, iachwe hivyo. Ikipasuka au kuwa ngumu kama jiwe, nunua nyingine.

Friji na mashine ya kufulia

Kabla ya kugusa chombo chochote cha umeme, chomoa waya ukutani. Friji ishikwe na mtu wa pili wakati wewe unafanya kazi chini, kwani haifai mtu mmoja kuinamisha na kukaza kwa wakati mmoja.

Friji nyingi zina miguu ya skrubu mbele, na nyuma aidha miguu isiyorekebishika au magurudumu madogo. Ipandishe ile ya mbele kidogo, friji iegemee nyuma kwa kiasi cha kuufanya mlango ujifunge wenyewe ukiuachia nusu wazi. Kulia na kushoto pawe sawa kabisa. Kama huna pimamaji, jaza chupa ya plastiki maji na kuacha kipovu kidogo, ilaze juu ya friji, uone kipovu kinakimbilia upande gani. Mlango usiofunga vizuri huingiza hewa yenye unyevu, barafu hujaa, mota haipumziki, na umeme unaliwa. Watu hubadilisha raba ya mlango wakati tatizo lilikuwa mguu uliozama.

Safari nayo ina mafunzo yake. Friji inayopandishwa kutoka Mombo kwenye gari la mizigo hupigwa na kona zote hizo. Kabla ya kuipakia, zungusha miguu yote iingie ndani kabisa, kwa sababu mguu uliotokeza ndio unaovunjika friji inapoburutwa. Isafiri imesimama. Ikibidi kulazwa, ikifika isimamishwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Ikifika isiburutwe sakafuni. Ibebwe.

Mashine ya kufulia inahitaji uangalifu mkubwa zaidi, na hesabu hii itaonyesha sababu. Chukua taulo na shuka zilizojikunja upande mmoja wa pipa kiasi kwamba uzito umezidi huko kwa nusu kilo. Pipa likizunguka mara 1,200 kwa dakika, na nguo hizo zikiwa sentimita 23 kutoka katikati, nusu kilo hiyo huvuta mashine kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 185. Huvuta kila upande, mara 20 kwa sekunde. Mguu mmoja ukiwa hauikanyagi sakafu, mashine itatembea chumba kizima, na beringi za pipa zitakufa mapema.

Kwa hiyo sawazisha miguu yote minne, kisha kaza nati ya juu ya kila mguu mpaka ibane kwenye mwili wa mashine. Nati hiyo ndiyo inayozuia mguu usijizungushe kwa mtetemo. Grisi iwe kwenye meno tu. Shika kona mbili zinazokabiliana na kutikisa: isipocheza, umemaliza. Mashine mpya inayofunguliwa mlango kwa mbele huja na bolti za safari nyuma yake. Ziondoe kabla ya kuiwasha, vinginevyo hakuna mguu utakaoituliza.

Dukani, mgahawani na kiwandani

Lushoto huishi kwa viazi, kabichi, karoti na matunda, na mazao hayo hupimwa. Wakala wa Vipimo amekuwa akipiga vita lumbesa, yaani magunia yanayojazwa kupita kiasi, kwa miaka, akisisitiza mkulima auze kwa mizani. Basi mizani yenyewe isimame sawa. Mizani ya kielektroniki ya kusimama sakafuni ina miguu minne ya skrubu na kijicho chenye kipovu. Ikiinama nyuzi 5, gunia la kilo 100 hupungua gramu 380 hivi kwa sababu ya mwinamo peke yake, kabla ya kuhesabu sahani inayogusa fremu. Zidisha kwa magunia ya msimu mzima. Mguu uliogoma kwa kutu unaweza kumpunja mkulima hata pale ambapo mwenye mizani hana nia mbaya. Paka grisi kidogo kwenye meno ya miguu ya mizani, na utazame kipovu kila asubuhi kabla ya gunia la kwanza. Huo ni uadilifu unaoweza kuguswa kwa mkono.

Wenye migahawa, na wanaotengeneza mikate, jemu na jibini kama inavyofanyika pale Irente, wana kipimo kingine: nafasi chini ya chombo. Kanuni za usafi wa chakula za Marekani, ambazo watengenezaji wengi wa vyombo vya jikoni huzifuata, hutaka chombo kikubwa cha sakafuni kiinuliwe angalau sentimita 15 ili ufagio upite chini yake. Miguu hiyo mara nyingi ni ya chuma kisichoshika kutu, na wengi hudhani basi haina haja ya mafuta. Chuma hicho kikisuguana na chenzake kikavu, meno hung'ang'aniana mpaka hayafunguki tena. Kinahitaji grisi, tena iliyoruhusiwa karibu na chakula, ambayo kopo lake huwa na alama H1. Magurudumu ya friza na meza yatolewe nyuzi na nywele zilizojiviringisha, pini zake zipakwe grisi, breki zake ziachwe kavu.

Mashine ya kusaga haina miguu ya kurekebisha. Miguu yake ni bolti zilizozamishwa kwenye zege. Mtetemo hulegeza nati pole pole, mashine husogea kidogo sana, mkanda huenda upande, beringi hupata moto. Kila mwezi, mota ikiwa imezimwa na umeme umekatwa kwenye swichi kuu, pitia kila nati kwa spana. Weka washa pana chini yake na nati ya pili juu ya ile ya kwanza. Grisi kwenye meno ya bolti itaizuia kutu, lakini kumbuka kwamba bolti yenye grisi hukazika zaidi kwa nguvu ile ile ya mkono, kwa hiyo usining'inie kwenye spana mpaka ukate. Vumbi la unga likichanganyika na grisi huwa uji mgumu, basi futa ya zamani kabla ya kupiga mpya.

Kwenye viwanda vya chai, majani hunyaushwa, hukunjwa, huachwa yabadilike rangi, hukaushwa na kuchekechwa. Machekecheo hutikisika kwa makusudi, na miguu yake ndiyo inayobeba mtikisiko huo zamu nzima. Kazi ya kukagua bolti na kupiga grisi inafaa iwe na daftari lake, tarehe na jina la aliyeifanya. Mwaka 1966 Peter Jost aliwasilisha kwa serikali ya Uingereza ripoti iliyokadiria kwamba viwanda vya nchi hiyo vingeweza kuokoa pauni milioni 515 kwa mwaka kwa kuzingatia vizuri ulainishaji na msuguano. Ripoti hiyo ilizaa taaluma nzima vyuoni. Mwenye kinu kimoja Bumbuli hahitaji chuo ili kufaidi somo lake. Anahitaji daftari, spana na kopo la grisi.

Kalenda ya mwenye vyombo

Mkulima wa Usambara hupanga mwaka kwa mvua, nasi tuufuate mwaka huo huo.

Februari, kabla ya masika: chomoa, inua, safisha miguu yote, ondoa kutu kwa msasa au brashi ya waya, paka rangi palipobaki uchi, tia grisi kwenye meno ya skrubu.

Juni, masika yakiisha: pima usawa upya, kwa kuwa udongo uliojazwa umekwisha kunywa maji na kushuka. Friji, mashine ya kufulia, jiko la gesi na mizani zote zipimwe. Kwenye jiko la gesi grisi iishie kwenye miguu. Karibu na moto isiwepo kabisa.

Septemba, ukungu ukiondoka: tazama raba, badilisha zilizopasuka, kagua bolti za mashine kubwa.

Cherehani ina kalenda yake: inayoshona kila siku itiwe mafuta chini kila wiki, inayoshona mara moja moja kila mwezi, na iliyofunikwa muda mrefu itiwe kabla ya kuanza kushona tena.

Kazi hii wafundishwe vijana wa nyumbani, wa kike na wa kiume, kwa sababu ni fundisho la kwanza la ufundi lisilohitaji karakana. Mtoto aliyejua kuzungusha mguu wa friji mpaka kipovu kitulie katikati amekwisha kujifunza skrubu, uzito na usawa. Akikua akaenda chuo cha ufundi, atakuta ameanza mbele ya wenzake. Na mama mwenye cherehani akimwona bintiye akiinama chini ya meza na kichupa cha mafuta bila kuambiwa, ajue kwamba riziki ya nyumba ile imepata mlinzi wa pili.

Anayetaka kuanza leo asisubiri Februari. Achomoe waya, amwite mtu wa kumsaidia kuinua, atazame kwanza mguu ulio karibu na ukuta. Huo ndio ambao mara nyingi haujaguswa tangu chombo kilipoingia ndani, na ndio unaohitaji grisi kuliko yote.